Namna ya Kuichuja Mbegu ya Mbaazi Isiyoshindwa na Mnyauko

Katika mazao ambayo mkulima wa Afrika ya Mashariki huyategemea mvua zinapokuwa haba, mbaazi ina daraja yake: mizizi yake huzama mbali ardhini, majani yake yaangukayo huirutubisha ardhi, na punje zake ni kitoweo kwa watu wa Pwani wazipikao kwa nazi, kama zilivyo chakula na biashara kwa watu wa Ukambani, wa Babati, wa Kilosa na wa mikoa ya Lindi na Mtwara. Lakini zao hili lina hasimu akaaye udongoni asionekane kwa macho, naye ni kuvu iitwayo Fusarium udum, ambayo mtaalamu E. J. Butler aliieleza huko India mwaka wa 1910, na ambayo ndiyo iletayo ugonjwa wa mnyauko. Msiba wake huwa mzito kwa sababu aghalabu hudhihiri wakati mkulima amekwisha kulima na kupalilia, mimea imeanza kutoa maua na maganda, na matumaini ya mavuno yamekwisha kuingia moyoni.

Hakuna dawa ya kunyunyizia itakayouhuisha mmea uliokwisha kuingiliwa. Kubadilisha mazao kunafaa, na kuchanganya mbaazi na mtama kunapunguza madhara, lakini kuvu hii yaweza kuishi katika mabaki ya mashina na mizizi kwa muda wa takriban miaka 3, na mwenye shamba dogo hana uwezo wa kuiacha ardhi yake muda wote huo bila kuipanda zao alitakalo. Kwa hiyo silaha iliyo nafuu kwa mkulima, isiyomdai fedha kila msimu, ni mbegu yenye ukinzani ndani yake; na mbegu ya namna hiyo haipatikani ila kwa kuchujwa. Mwongozo huu umekusudiwa bwana shamba, mwalimu wa kilimo, mwanafunzi wa chuo, na chama cha wakulima kitakacho kuifanya kazi hiyo kwa utaratibu ulio sahihi.

Msingi wa kazi nzima ni huu: kusalimika kwa mmea si ithibati ya ukinzani, mpaka ithibitike kwamba ugonjwa ulikuwapo pale pale uliposimama mmea huo. Mtu anayeisifu mbegu iliyostawi katika udongo safi ni kama mtu anayekisifu chombo kuwa hakivuji ilhali bado kimepandishwa pwani na hakijashushwa majini. Yote yatakayofuata, kuanzia kulitayarisha shamba hata kuhesabu mimea iliyokufa, hayana kusudi jingine ila kuhakikisha kwamba kila mbegu imekutana na adui yake kwa kipimo kilicho sawa na cha mwenziwe.

Kuutambua ugonjwa

Kabla hujaanza kuhesabu, jifunze kuutofautisha mnyauko huu na mambo mengine yaukaushayo mmea. Kuvu huingia kwa mizizi, ikapanda hadi katika mirija ichukuayo maji kutoka ardhini, ikaiziba. Basi mmea hukauka kwa kiu hata kama udongo una unyevu wa kutosha. Majani hulegea, hugeuka rangi ya manjano, kisha hukauka. Mara nyingi tawi moja au upande mmoja hufa kwanza ilhali upande wa pili ungali kijani. Tazama shina karibu na ardhi: yamkini utaona utepe wa rangi ya zambarau uliopanda kutoka chini kuelekea juu. Kisha chukua kisu, ulipasue shina kwa urefu. Ukiona mistari ya rangi ya hudhurungi au nyeusi ndani ya mti wake, umeipata alama kubwa ya ugonjwa huu.

Usiache kulipasua shina kwa kudhani kwamba jicho limekwisha kuona. Mchwa hula mizizi, mmea ukakauka. Maji yaliyotuama huiozesha mizizi, mmea ukalegea. Ukame nao huyakunja majani wakati wa adhuhuri, kisha yakafunguka jioni. Ukiyachanganya mambo haya yote katika hesabu moja utaihukumu kwa dhulma mbegu iliyo njema, au utaisifu mbegu mbaya kwa kusingizia mchwa vifo vilivyoletwa na kuvu. Ikiwa kuna maabara karibu, peleka vipande vya shina vilivyokatwa mpakani baina ya sehemu iliyobadilika rangi na iliyo nzima. Huko wataviosha nje kwa dawa, wataviweka juu ya chakula cha kuoteshea kuvu, na baada ya siku chache wataitazama kwa hadubini na kukupa jibu la yakini.

Kulitayarisha shamba gonjwa

Njia iliyo kongwe na ya kutegemewa ni kuwa na shamba maalumu ambalo udongo wake umejaa ugonjwa kwa makusudi. Wazo hili halikuanzia katika mbaazi. Huko Fargo, North Dakota, nchini Marekani, mtaalamu H. L. Bolley alilipanda kitani shamba moja mwaka baada ya mwaka kuanzia 1894, shamba lililokuja kujulikana kwa jina la Plot 30, mpaka udongo wake ukawa mgonjwa kiasi cha kuiua mimea mingi. Mwaka wa 1901 akaieleza kuvu iliyokuwa chanzo cha mauti hayo, na kutokana na mimea michache iliyosalia akapata njia ya kuzalisha kitani chenye ukinzani. Watafiti wa mbaazi katika taasisi ya ICRISAT, iliyoasisiwa mwaka wa 1972 huko Patancheru, India, waliifuata njia iyo hiyo wakaiwekea taratibu zinazofuatwa hata leo.

Chagua kipande cha ardhi ambacho mnyauko umekwisha kuonekana. Usiupeleke ugonjwa mahali ambapo haujafika, kwa maana kosa hilo halirekebishiki upesi. Kipande hicho kiwe mbali na mashamba ya jirani, kisiwe juu ya mteremko ambao maji ya mvua yatauchukua udongo hadi kwa wengine, na kizungushiwe mtaro au ukingo. Kusanya mashina na mizizi ya mimea iliyokufa kwa mnyauko katika eneo lilo hilo, uikatekate vipande vidogo, uitawanye kwa usawa juu ya kipande chote, kisha uilimie ndani ya udongo. Panda mbegu unayojua kwa yakini kwamba hushindwa upesi, uijaze shamba zima. Mwisho wa msimu, mimea iliyokufa uikatekate na kuilimia tena, wala usipande zao jingine mahali hapo, kwa kuwa kubadilisha mazao kutaipunguza nguvu ile ile unayoijenga.

Kazi hii huhitaji misimu 2 au 3, na hapana njia ya kuifupisha bila kuiharibu. Alama ya kwamba shamba limefikia kiwango ni mbegu dhaifu kufa katika kila pembe, kwa kiasi cha mimea 90 au zaidi katika kila 100. Nasema katika kila pembe, kwa sababu ugonjwa wa udongoni una tabia ya kukaa madoadoa: hapa umejaa, hatua chache mbele haupo. Chora ramani ya shamba lako, utie alama mahali ambapo mbegu dhaifu imesalimika, na msimu ufuatao uyaongeze mabaki ya mimea migonjwa mahali hapo kabla ya kupanda mbegu yoyote ya kujaribiwa.

Kuipanga mistari

Shamba likiisha kuwa tayari, kusanya mbegu za kujaribiwa: mbegu za asili za wakulima wa wilaya mbalimbali, mbegu zilizosajiliwa, na nasaba mpya kutoka vituo vya utafiti kama vile Ilonga huko Kilosa au Katumani karibu na Machakos. Kila moja ipe namba, uiandike katika daftari pamoja na mahali ilikotoka, rangi na ukubwa wa punje zake, na muda wake wa kukomaa.

Panda kila mbegu katika mstari wa mita 4 au 5, wenye mimea isiyopungua 20. Baada ya kila mistari 2, au ikizidi sana 4, weka mstari mmoja wa ile mbegu dhaifu, ambayo kazi yake ni kushuhudia kwamba ugonjwa upo. Weka pia mahali pachache mbegu ambayo ukinzani wake umekwisha kuthibitika, upate kujua wema unaoutafuta una sura gani katika ardhi yako. Kisha urudie mpango wote mara 2 au 3 katika sehemu mbalimbali za shamba, na kila marudio uzipange mbegu kwa kura, ili isitokee mbegu moja ikapata mahali pa salama mara zote.

Pengine utauliza kuna haja gani ya mimea mingi na marudio mengi. Fanya hesabu hii. Tuseme shamba lako ni gonjwa nusu tu, na kila mmea dhaifu una bahati sawa ya kufa au kupona. Ukipanda mimea 5 ya mbegu dhaifu, uwezekano wa yote kusalimika ni mmoja katika 32; kwa hiyo ukijaribu mbegu 100 zilizo dhaifu zote, yamkini 3 miongoni mwao zitaonekana kinzani kwa bahati tupu, nawe utazibeba kwa furaha hadi msimu ujao. Lakini ukipanda mimea 20 badala ya 5, uwezekano huo unashuka ukawa chini ya mmoja katika 1,000,000. Na kwa kuwa ugonjwa hukaa madoadoa, hesabu hii pekee haitoshi kukulinda, maana mstari mzima waweza kuangukia mahali pasipo ugonjwa. Ndipo hapo unapookolewa na mstari dhaifu ulio jirani, pamoja na marudio yaliyo mbali.

Kuhesabu na kuhukumu

Hesabu mimea yote iliyoota siku ya 30 hivi baada ya kupanda, uiandike. Hiyo ndiyo jumla utakayogawanyia. Tangu hapo pita shambani kila mwezi mpaka mbaazi zikomae, na uzidishe mapito yako wakati wa maua na wa maganda, kwa kuwa ndio wakati ugonjwa unapodhihiri zaidi. Kila mmea uliokufa uufunge utepe, uandike tarehe, upasue shina, na uandike ulichokiona. Mmea uliokauka upande mmoja nao uhesabu katika wagonjwa. Usiuhurumie kwa sababu una tawi lililo hai.

Mwisho wa msimu, gawanya idadi ya iliyonyauka kwa jumla ya iliyoota, uzidishe kwa 100. Mathalan, mimea 40 iliota na 6 ikanyauka: basi kiwango cha mnyauko ni asilimia 15. Watafiti hutofautiana kidogo katika kuweka mipaka, lakini mizani ifaayo kwa kazi yako ni hii: isiyozidi asilimia 10 ni kinzani, baina ya 10 na 20 ina ukinzani wa wastani, iliyopita 20 haijafaulu. Wala usiutangaze mstari wowote kuwa kinzani kabla ya kuutazama mstari dhaifu ulio ubavuni mwake. Ikiwa ule dhaifu umekufa wote, hukumu yako ni thabiti. Ikiwa nusu yake imesimama, andika katika daftari kwamba jaribio la mahali hapo halina hukumu, urudie msimu ujao.

Angalia pia muda wa kukomaa. Mbegu ya muda mfupi yaweza kuvunwa kabla kuvu haijaupanda mmea wote, ikaonekana kinzani ilhali imewahi kuondoka tu. Kuwahi huko nako ni manufaa kwa mkulima, nami sikudharau. Lakini mkulima akiuacha mmea huo uchipue tena kwa mavuno ya pili, ugonjwa utamkuta. Kwa sababu hiyo linganisha za muda mfupi na dhaifu ya muda mfupi, na za muda mrefu na dhaifu ya muda mrefu.

Kuthibitisha katika vyungu

Mahali palipo na maabara, hukumu ya shambani huthibitishwa kwa jaribio la vyungu. Huchukuliwa kuvu iliyotolewa katika mmea mgonjwa wa eneo lilo hilo, ikakuzwa katika mchanganyiko wa mchanga sehemu 9 na unga wa mbaazi sehemu 1, uliokwisha kupikwa kwa mvuke, kisha ikachanganywa na udongo safi wa vyungu na mbegu zikapandwa humo. Njia nyingine ni kuing'oa miche ya siku 8 hivi kwa upole, kuosha mizizi yake, kuikata ncha kidogo, kuichovya katika maji yenye vijimbegu vya kuvu, na kuipanda tena katika udongo safi. Lazima pawe na miche mingine iliyotendewa vivyo hivyo na kuchovywa katika maji matupu, ili vifo vitokanavyo na kung'olewa visihesabiwe kuwa vya ugonjwa.

Njia hii ni ya haraka, maana jibu hupatikana kwa majuma badala ya misimu, lakini ukali wake huzidi ule wa shambani, kwa kuwa mizizi iliyokatwa humfungulia adui mlango ambao mmea mzima ungeufunga. Basi itumie kuondoa zilizo dhaifu kabisa na kuthibitisha zilizofaulu. Usiifanye badala ya jaribio la shambani. Na kwa kuwa kuvu hii ina namna mbalimbali, na mbegu iliyosimama imara katika nchi moja yaweza kuanguka katika nyingine, peleka mbegu zako bora zikajaribiwe katika vituo 3 au zaidi, lakini usisafirishe kuvu wala udongo kutoka wilaya moja hadi nyingine.

Kuilinda mbegu iliyofaulu

Hapa ndipo kazi ya wengi inapopotea. Maua ya mbaazi hutembelewa na nyuki, na nyuki huchukua chavua kutoka mmea dhaifu akaipeleka kwa ule kinzani. Hivyo punje utakazovuna kwenye mmea uliosalimika yamkini zina baba asiyejulikana. Kabla maua hayajafunguka, vika matawi ya mmea unaoutaka vifuko vya kitambaa chepesi, vifungwe vizuri, ili mmea ujichavushe wenyewe. Vuna mbegu za kila mmea peke yake, usizichanganye, na msimu ujao panda mbegu za kila mmoja katika mstari wake, humo humo katika shamba gonjwa. Rudia hivyo kwa misimu kadhaa, ukiondoa kila mstari ambao watoto wake wananyauka, mpaka nasaba itulie.

Mbegu iliyotoka katika shamba gonjwa usimpe mkulima moja kwa moja, kwa kuwa kuvu huweza kuchukuliwa pamoja na punje. Izidishe kwanza katika ardhi safi, iliyo mbali na mbaazi nyingine, baada ya kuitia dawa ya kuvu kwa maelekezo ya mtaalamu. Na wewe mwenyewe, kila utokapo katika shamba lile, osha jembe, viatu na panga hapo hapo. Mabaki yabaki humo humo, wala asiruhusiwe mtu kuchukua kuni za mbaazi zilizokauka.

Kukata shauri

Ukinzani peke yake hautamridhisha mkulima. Kule Babati, ambako mbaazi nyeupe ya asili yenye punje kubwa ilipendwa sokoni lakini ikashambuliwa vibaya na mnyauko, nasaba iliyopokelewa vizuri ni ICEAP 00040, ambayo Tanzania iliisajili kwa jina la Mali na Malawi kwa jina la Kachangu. Haikupokelewa kwa sababu ya ukinzani tu, bali pia kwa kuwa punje zake ni kubwa na nyeupe, na mnunuzi huzitaka. Kwa hiyo waite wakulima, wanawake kwa wanaume, waitazame mistari iliyofaulu, waipike, waionje, waseme ipi huiva upesi na ipi hupukutisha maganda. Mbegu itakayofaulu mbele ya kuvu, mbele ya chungu na mbele ya mnunuzi, hiyo ndiyo ya kuizidisha.

Nasaha yangu ya mwisho kwako, bwana shamba na mwalimu, ni kwamba usiyaonee haya matokeo ya kuwa mbegu nyingi zimekufa. Katika kazi hii shamba lenye vifo vingi ndilo lililofanya kazi yake, na daftari lenye majina ya mbegu zilizoshindwa ni hazina kwa atakayekuja baada yako. Litunze daftari hilo kwa uaminifu, usiongeze wala usipunguze namba kwa kuipendelea mbegu fulani, na usimkabidhi mkulima mbegu ambayo haijasimama ubavuni mwa dhaifu iliyokufa. Kwa maana yeye atakayeipanda ataweka juu yake chakula cha mwaka mzima cha watu wa nyumbani mwake.